Kiti moto cha garini

Nikitaja kiti moto najua baadhi yenu mate yameanza kuwatoka, na wengine mmekwisha kununa. Naomba radhi kwa pande zote mbili. Kiti moto ninachotaka tuzungumze juu yake wiki hii hakiliwi. Ni kiti cha gari, kile ambacho anayekikalia hupata joto la umeme mgongoni na mapajani.

Wengi wenu mmekwisha kukiona bila kukijua. Magari mengi yaliyotumika yanayoletwa kutoka Japani huwa na swichi ndogo karibu na gia, yenye mchoro wa kiti na mistari mitatu kama mvuke wa uji. Katika joto la Dar es Salaam swichi hiyo haina kazi. Ila mtoto akiibonyeza kwa kuchezea, baada ya dakika chache mama anaanza kulalamika kwamba injini imechemka. Baba anasimamisha gari, anafungua boneti, anakagua maji, anakuta kila kitu ni kizima. Kumbe kilichochemka ni kiti.

Kitu hiki si kipya. Huko Marekani kampuni ya Cadillac ilianza kukiuza kama nyongeza katika magari yake ya mwaka 1966. Waswidi wa Saab, ambao baridi wanaijua vizuri, walianza kukiweka kiwandani kwenye kiti cha dereva mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ndani yake hakuna maajabu. Ni waya mwembamba au nyuzi za kaboni zilizoshonwa katika kitambaa kizito, na umeme ukipita humo unageuka kuwa joto, kama pasi au jiko la umeme nyumbani. Kifaa kidogo hupima joto na kukata umeme linapozidi.

Sasa mtaniuliza, Tanzania na viti vya joto wapi na wapi? Ndugu zangu, nchi yetu ni kubwa. Wilayani Kilosa tunayo Ulaya yetu, si ile ya theluji bali kata inayoitwa Ulaya, na huko ukikalia kiti cha gari saa nane mchana hakuna haja ya umeme, jua limekwisha kukuunguza. Lakini barabara kuu inayopita Mikumi, penye mwinuko wa kama mita 550, haiishii Mikumi. Inapanda kwenda Iringa, na kutoka huko watu wanaendelea hadi Njombe na Makete. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa sita na wa saba huko asubuhi majani huwa meupe kwa umande ulioganda. Mtu mwenye Land Rover ya zamani, ambayo milango yake inapitisha upepo kama kichuja nazi, hawezi kulaumiwa akitamani joto la kiti.

Ndiyo maana biashara hii imeanza. Vitambaa hivyo vya joto vinauzwa peke yake, viwili kwa kila kiti, cha kukalia na cha kuegemea, pamoja na swichi na nyaya zake. Mwenye gari ananunua, au analetewa na mtoto aliye ng'ambo, kisha anamtafuta fundi umeme wa magari. Hapo ndipo hadithi yangu inapoanza.

Mwezi wa saba nilikuwa Mikumi kwa kazi nyingine kabisa, kutazama hali ya barabara ya kwenda Kilosa. Nilikuwa nimekaa kwenye gereji ya chini ya mwembe nikisubiri tairi langu lizibwe. Ikaingia Land Rover ya petroli ya chasisi fupi, Series II, gari ambalo umri wake unazidi wa fundi mara mbili. Ndani alikuwamo mzee mmoja na mkewe. Walikuwa wakirudi Makete kutoka Dar es Salaam, ambako mama alikwenda kutibiwa mgongo. Kwa ajili ya mgongo huo, mtoto wao aliwanunulia vitambaa vya joto, na fundi mmoja wa mjini akavifunga jioni ya kuamkia safari.

"Shikamoo mzee," fundi alisema.

"Marahaba kijana wangu. Kiti cha mama kinanuka."

Harufu ilianza walipopita Doma, kabla ya kuingia hifadhini. Mama alisema ni kama mpira unaoungua. Mzee alidhani ni watu wanaochoma mashamba, maana mwezi wa saba Morogoro nzima hunuka moshi. Wakaendelea, wakakata hifadhi yote ya Mikumi, kilomita 50 hivi ambazo mtu hasimami ovyo kwa sababu ya wanyama, mama akiwa amekaa upande upande.

Fundi akainua kiti cha mama. Chini yake nyaya mbili zilikuwa zimesokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu nyeusi, na gundi ya tepu ilikuwa imeyeyuka na kuchuruzika. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikinuka. Angeweza kuishia hapo, akaunga upya na kupokea fedha yake. Lakini kijana yule aliufuata waya kwenda ulikotoka, na waya ukampeleka chini ya kiti cha dereva.

Wanaoijua Land Rover ya zamani ya chasisi fupi wanajua kilichoko pale. Chini ya kiti cha kulia, yaani cha dereva kwa huku kwetu, ndipo lilipo tangi la petroli. Waya ulikuwa umepitishwa juu ya tangi hilo, ukibanwa na ukingo wa bati la sanduku la kiti. Kwa kutikisika kutoka Dar es Salaam hadi Mikumi, kilomita zaidi ya 300, ukingo ulikuwa umekwisha kuula mpira wa waya upande mmoja. Shaba ilikuwa inaonekana, inang'aa kama sarafu mpya. Waya huo ulitoka moja kwa moja kwenye betri. Hapakuwa na fyuzi popote njiani.

Fundi hakusema neno kwanza. Alikwenda akachomoa teminali ya betri, akarudi. "Mzee wangu," alisema, "mlikuwa mmekalia petroli na kiberiti."

Mzee akanyamaza. Mama ndiye aliyejibu: "Nilimwambia, baridi ya Makete nimezaliwa nayo."

Ndugu wasikilizaji, hatuhitaji kukumbushwa moto wa petroli unafanya nini. Mji wa Morogoro haujaisahau tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, lori la mafuta lilipoanguka na kulipuka, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Mafuta yakikutana na cheche hayaulizi ni ya lori au ya tangi dogo chini ya kiti cha mzee.

Hebu sasa tuelezane kwa utulivu kosa lilikuwa wapi, maana nikisema tu kwamba fundi wa mjini alikuwa kishoka, nitakuwa nimetukana bila kufundisha.

Watu wengi hudhani shida ni wembamba wa waya. Pale Mikumi haikuwa hivyo. Umeme wa gari ni wa volti 12, na ukigawa wati kwa volti unapata ampea. Kiti kimoja cha joto hula kama wati 50, yaani ampea 4 na kidogo. Viti viwili ni ampea 8 na ushee. Waya uliotumika ulikuwa wa nyumba, ule wa kufungia taa na soketi ukutani, na kwa unene ungeweza kubeba mzigo huo. Shida ni kwamba waya wa nyumba una uzi mmoja mgumu wa shaba. Ukutani hautikisiki, kwa hiyo unadumu miaka. Ndani ya gari unatikiswa mchana kutwa, mwisho unachoka na kukatika, au maungio yake yanalegea. Maungio yaliyolegea huzuia umeme, na umeme uliozuiwa hugeuka joto mahali pale pale. Ndiyo harufu ya Doma hiyo. Waya wa gari una nyuzi nyingi nyembamba zilizosokotwa pamoja, unapinda na kutikisika bila kuvunjika.

Kosa la pili ni kukosa fyuzi. Hapa naomba tusikilizane vizuri, maana wengi tunaielewa fyuzi kinyume. Tunadhani fyuzi inalinda kiti, au taa, au redio. La hasha. Fyuzi inalinda waya. Betri ya gari, waya wake ukigusa bati la bodi, inaweza kusukuma mamia ya ampea kwa mara moja. Joto la waya huongezeka kwa kasi kuliko umeme wenyewe: umeme ukiwa mara mbili, joto ni mara nne, ukiwa mara kumi, joto ni mara mia. Mpira wa waya hauwezi kustahimili hayo hata kwa muda mfupi. Fyuzi ya ampea 15, ile ya rangi ya bluu, ingekatika mara moja na safari ingeendelea bila joto la kiti, basi. Kwa sababu kazi yake ni kulinda waya, mahali pake ni karibu kabisa na betri. Fyuzi iliyowekwa mwisho wa waya, jirani na kiti, inaiacha njia yote ya nyuma yake bila mlinzi.

Kosa la tatu ni njia ya waya. Kila waya unapopita katika tundu la bati unahitaji kipete cha mpira. Waya usipite juu ya tangi kama ipo njia nyingine, na ufungwe usicheze.

La nne ni swichi. Umeme wote wa viti ulikuwa unapita kwenye swichi ndogo ya dashibodi. Fundi anayejua kazi yake hutumia rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme. Waya mnene unatoka betri, unapita kwenye fyuzi, unaingia kwenye rilei katika mguu ulioandikwa 30, unatokea mguu wa 87 kwenda kwenye kiti. Swichi ya dashibodi inapeleka umeme kidogo tu katika miguu ya 85 na 86 ili kuiamsha rilei. Umeme huo mdogo uchukuliwe kwenye waya unaoishi pale tu ufunguo unapowashwa. Katika Land Rover za Kiingereza huo ni waya wa kijani, ambao tayari una fyuzi. Faida yake ni kwamba ukizima gari na kwenda kulala, viti navyo vinazimika. Ukiacha viti vinakula umeme usiku kucha, asubuhi ya Makete utasukuma gari kwa mikono, na joto utalipata kwa jasho.

Lipo jambo jingine ambalo wenye magari ya zamani hawaliulizi: je, gari lina umeme wa kutosha? Dainamo ya Land Rover za Series II ilikuwa na uwezo wa kama ampea 22. Sasa fanyeni hesabu ya usiku wa mvua. Taa mbili kubwa za mbele ampea 10, taa ndogo na za nyuma 3, koili ya injini 4, waipa 3. Hiyo ni 20. Ongeza viti viwili, inakuwa 28. Zile 6 zinazozidi zinatoka kwenye betri, na betri itazidi kupungua njia nzima. Na dainamo, injini ikiwa kwenye sailensi, haitoi karibu kitu. Series III, iliyoanza mwaka 1971, ilikuja na alteneta ya kama ampea 34, hapo nafasi ipo kidogo. Aidha, Land Rover nyingi za kabla ya mwaka 1967 waya wake wa bodi ni chanya, si hasi kama magari ya leo. Kitambaa chenyewe cha joto hakijali umeme unatoka upande gani, lakini kifaa cha elektroniki kinachopima joto kitaungua ukikigeuza.

Na mgonjwa anayekalia kiti hicho naye anahusika. Ngozi ya binadamu haihitaji kuguswa na moto ili iungue. Nyuzijoto 44, ambazo mkononi unaziona kama maji ya kuoga, zikikaa mahali pamoja kwa kama saa 6 zinaweza kuunguza, na kila zikipanda kidogo muda unapungua sana. Mtu mzima wa afya husikia joto likizidi akasogea au akazima. Lakini mwenye kisukari ambaye miguu na makalio yamekufa ganzi, au aliyepooza, hasikii. Anashuka Njombe akiwa na kidonda. Wenye wagonjwa wa namna hiyo nyumbani, tafadhali kiti cha joto wasikitumie.

Kesho yake nilikwenda Kilosa, na fundi yule akanielekeza kwa mwalimu wake, mzee aliyejifunza kazi kwenye matrekta na Land Rover za mashamba ya mkonge. Katika gereji yake ukutani umetundikwa ubao. Juu ya ubao amepigilia vitu alivyovitoa katika magari ya watu badala ya fyuzi: misumari, karatasi za pakiti ya sigara zilizokunjwa, kipande cha kijiko, ufunguo wa kabati. Kila kimoja kina alama ya kuungua. Nilimwuliza kwa nini ameviweka. Alisema vijana wake wakitaka kufanya haraka anawapeleka mbele ya ubao.

Nilimwuliza pia kama mafundi wa siku hizi hawajui. Akacheka. "Wanajua, bwana mtangazaji. Mteja ndiye hataki. Ukimwambia rilei, fyuzi na waya wa gari mita tano, anakwambia unamwibia. Anakwenda kwa mwenzako, anasema unganisha tu tuondoke."

Maneno hayo yalinirudisha Mikumi. Fundi kijana alipomtajia yule mzee gharama ya kufunga upya, ilikuwa kama bei ya kuku wawili. Mzee, ambaye nusu saa kabla alikuwa ameonyeshwa shaba iliyo wazi juu ya petroli yake, alisema: "Mbona ghali? Yule wa mjini alichukua nusu." Watu wote chini ya mwembe walicheka, na yeye mwenyewe akacheka, akatoa fedha. Lakini mimi sikuona kichekesho hapo. Ndivyo tulivyo. Tunalipa nauli, tunalipa hospitali, tunalipa viti vya joto, halafu tunabania waya.

Hivyo basi nina haya ya kupendekeza. Kwanza, kabla ya kununua umeme, jaribu joto la bure. Land Rover nyingi za zamani ziliwahi kuwa na hita inayotumia maji ya moto ya injini, ikang'olewa kwa sababu Pwani haina kazi. Hita hiyo inahitaji umeme wa feni tu. Ziba na milango kwa mpira mpya, na mchukulie mama blanketi. Mara nyingi inatosha.

Pili, ukiamua kufunga, mwulize fundi maswali manne kabla hajashika koleo: fyuzi itakaa wapi, rilei ni ipi, waya utapita wapi, na ufunguo ukizimwa viti vitazimika? Fundi anayejua atakujibu kwa furaha. Anayekasirika, mshukuru, uondoke.

Tatu, wenzetu wa VETA, ambao Mikumi pale pale wana chuo, wanao mpango wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza kazi mitaani. Mafundi umeme wa magari wa chini ya miembe wautumie. Mteja anayekiona cheti ukutani hatabishana sana juu ya bei ya waya.

Nne, kama unasikia harufu ya mpira garini, usiseme ni mashamba. Simama mahali salama, zima injini, teremsha watu, chomoa betri. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu na mkono, siyo chini ya mizigo. Moto wa petroli usiumwagie maji. Namba ya Zimamoto ni 114.

Yule mzee na mkewe waliondoka Mikumi saa kumi jioni. Kiti cha mama kilikuwa na fyuzi ya bluu, waya umezungushwa mbali na tangi. Kiti cha mzee fundi alikataa kukiunganisha, alisema dainamo haitabeba vyote viwili na taa. Mzee alivaa koti.

Kabla ya wiki ijayo, panapo majaliwa, naomba kila mwenye gari lililoongezwa taa, muziki au kiti cha joto, ainue kiti chake na aufuate waya mmoja tu hadi kwenye betri.